Kinongo na Hisopo

Tafakari ya juma la kwanza la Kwaresima
Masomo: Kutoka 12:21–23, Mambo ya Walawi 14:1–7, Yohana 19:28–30



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 4, kinapoeleza ukubwa wa hekima ya Sulemani kinataja kwamba mfalme huyu alifundisha habari za mimea, akianza na mierezi ya Lebanoni na kuteremka hadi hisopo ya ukutani. Mwerezi haushangazi. Ni mti mkubwa, na mbao zake ndizo zilizojenga hekalu. Hisopo ni jambo lingine kabisa. Ni kichaka kidogo kinachojiotea penye ufa wa mawe, hakitoi mbao wala kivuli. Lakini mtu aliyepewa hekima kuliko wenzake wote aliona hajamaliza kuisimulia kazi ya Mungu mpaka afike kwenye kijani hicho ambacho fundi mwashi angeking'oa bila hata kukitazama.

Kwaresima hii naomba tuanzie hapo ukutani. Nina neno la kusema kuhusu upole, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba majani yatanisaidia kulisema.

Hapa Mabibo, Dar es Salaam, tunao mmea unaokaribiana na hisopo kwa makazi yake na kwa vazi lake. Wataalamu wameuandika kwa jina la Aerva lanata, na wazee wengi wa pwani huuita kinongo. Huhitaji kusafiri kuuona. Unaota kwenye nyufa za uzio, juu ya misingi ya nyumba ambazo ujenzi umesimama kwa kukosa saruji, kando ya mitaro, pembeni ya Barabara ya Mandela ambako malori ya makontena hupita usiku na mchana, na kwenye miteremko ya Luhanga kuelekea bondeni. Wakati huu wa kaskazi, masika bado hayajaja, nyasi nyingi zimekufa. Kinongo kiko hai. Rangi yake ni kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na anayepita haraka hudhani ni vumbi la barabara. Sehemu moja ni vumbi kweli. Sehemu kubwa ni sufu ya mmea wenyewe.

Uinamie uutazame, kwa maana ni mmea unaomlipa mwenye subira. Kutoka kwenye mzizi mkuu unaozama chini sana huchipuka matawi mengi membamba, mengine yametambaa na mengine yamesimama, na mara nyingi hayafiki magotini. Majani ni madogo, sentimita 1 hadi 4 hivi, yamepangwa kwa kupokezana, moja upande huu na jingine upande ule. Juu ya jani sufu ni chache, na jani likizeeka huweza kupungua zaidi. Uligeuze jani. Upande wa chini, mahali ambapo mimea mingi huweka matundu yake ya kupumulia, sufu imesongamana nyeupe hadi huioni ngozi ya jani. Ukiigusa kwa ncha ya kidole utasikia ulaini usioutarajia kwa kitu kilichoota juu ya zege.

Na kina maua, ingawa wapo watu waliozaliwa na kukulia jirani nacho ambao hawajawahi kuyaona. Hutokeza kwenye kila kwapa la jani, masuke mafupi meupe, na kila ua halizidi milimita 3. Lina vipande 5 vidogo vinavyolifunika, na migongo ya vipande hivyo nayo imevikwa sufu. Ndani yake mna mbegu moja tu, nyeusi, inayong'aa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ukiuvunja mzizi na kuunusa, unapata harufu inayokaribia kafuri. Haya yote Mungu ameyaweka kwenye kitu tunachokiita gugu.

Kinongo ni ndugu wa mchicha, wako katika jamaa moja ya mimea. Sehemu kadhaa za Afrika Mashariki majani yake machanga hupikwa kama mboga, na mbuzi huyapenda. Makazi yake yanaanzia Afrika yanavuka bahari. Sri Lanka watu hukichemsha na kunywa kama chai, na katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kimo katika orodha ya maua kumi yanayoheshimiwa kuwa matakatifu. Maua kumi tu, na kinongo kimo!

Najua baadhi yenu mnakijua kwa upande wa dawa, hasa kwa shida za mkojo na mawe ya figo. Naomba nitue hapa kidogo, maana nimeulizwa mara nyingi. Tiba asili si ushirikina. Nchi yetu imeitungia sheria mwaka 2002, na pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, kazi yake ikiwa ni kuichunguza mimea ya namna hii. Lakini mwenye maumivu ya figo akapime kwanza hospitali, ajue ana nini. Kumshukuru Mungu kwa mmea hakumkatazi mtu kumshukuru pia kwa kipimo cha mkojo. Na anayeuziwa majani yoyote ya porini kwa ahadi ya kuondolewa mikosi, huyo anaibiwa fedha zake, na anaibiwa pia amani aliyokwisha kupewa bure katika ubatizo wake.

Sasa turudi kwenye sufu, ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Kila unywele wa jani lile umejengwa kwa chembe chache zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zikishakomaa, nyingi hufa na kubaki maganda matupu yenye hewa ndani. Weupe unaouona unatokana na hewa hiyo: mwanga wa jua unaingia, unatawanywa, na sehemu yake inarudishwa ulikotoka kabla haijaliunguza jani. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni kuzuia upepo. Katikati ya nywele zile hewa hutulia, upepo mkavu hauifikii ngozi ya jani moja kwa moja, na maji yaliyopandishwa kwa taabu kutoka chini ya ardhi hayapotei ovyo. Ya tatu ni ulinzi dhidi ya wadudu. Mdudu mdogo anayetaka kutoboa jani na kunyonya utomvu anakuta njia imejaa nywele, miguu inanasa, mdomo haufiki. Na mahali penye umande au ukungu, nywele za namna hii huyashika matone ambayo jani laini lingeyaachia yateleze chini.

Kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani kuna mmea wa jamaa ya alizeti uitwao Encelia farinosa, ambao umechunguzwa sana kwa ajili ya jambo hili. Wakati wa mvua hutoa majani ya kijani yenye nywele chache. Ukame ukija, mmea uleule, kwenye mzizi uleule, hutoa majani mapya yaliyofunikwa nywele nyingi hadi yanaonekana meupe. Jua likizidi, vazi nalo linazidi. Nilipolisoma hilo nilikumbuka pale Bwana wetu anapotuonyesha maua ya kondeni, katika Mathayo 6, na kutuambia kwamba Baba huyavika. Nilikuwa nikilisikia neno hilo kuhusu rangi na uzuri. Leo nalisikia pia kuhusu jua la saa saba mchana.

Lakini mimea ya nchi kavu haivai vazi la aina moja. Mingine hujilinda kwa miiba. Mgunga unafanya hivyo, na mchongoma tunaoupanda kwenye ua ili mwizi asipite. Sina ugomvi na miiba, ni kazi ya Muumba yuleyule. Ninachotaka tukione ni hiki: ukavu mmoja, jua moja, mchanga mmoja, na bado kuna mmea uliopewa ncha kali na kuna mmea uliopewa ulaini. Na ule uliopewa ulaini haujafa. Upo pale ukutani, mwezi wa Februari, umechanua.

Ndugu zangu, maisha ya hapa kwetu ni makavu kwa wengi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele kutoka kwa mtu anayelipwa kwa siku. Maji hukatika, ndoo zinapangwa foleni. Alfajiri, pale soko la Mahakama ya Ndizi, vijana wanabeba mikungu migongoni kabla wengine hatujaamka, na bei huyumba kabla gari halijashushwa mzigo wote. Mabinti wanaofanya kazi viwandani huko External wanasimama mchana kutwa, jioni wanasimama tena kwenye daladala. Wanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji na wale wa Hosteli ya Mabibo wengine wanalala na njaa huku nyumbani wakidhaniwa wameshakuwa watu wazito. Katika mazingira hayo mtu anajifunza upesi sana msemo wa mjini kwamba ukizubaa umeliwa. Anaota miiba. Anajibu kwa ukali kabla hajaulizwa. Konda anamfokea abiria, abiria anamfokea konda, mama anawamalizia watoto hasira za sokoni, na baba akirudi nyumba nzima inanyamaza. Tumefika mahali ambapo mtu akisemeshwa kwa upole anashtuka, anauliza moyoni, huyu anataka kuniomba nini?

Nami nawaambia, kwa moyo wangu wote, upole ni vazi ambalo Mungu huwapa watu wa mahali pakavu. Si tabia ya wenye nafasi, ya watu walioshiba wanaoweza kumudu kuwa wapole kwa sababu hakuna anayewasukuma. Paulo, katika Wagalatia 5, anautaja miongoni mwa matunda ya Roho, na aliyaandikia makanisa ambayo waumini wake walikuwa wakigombana hadi yeye mwenyewe anawaonya wasije wakamalizana. Na Bwana Yesu, alipoueleza moyo wake katika Mathayo 11, kati ya sifa zote ambazo angeweza kuzitaja, alitaja upole na unyenyekevu. Alikuwa mtu wa nchi iliyokaliwa na majeshi ya Warumi, ya watoza ushuru na madeni. Alilijua jua la saa saba.

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Mchungaji, mbona wapole ndio wanaokanyagwa?

Sufu ina gharama zake, siwezi kuwaficha. Mmea unaojitengenezea nywele nyingi unatumia chakula ambacho ungekitumia kurefuka, na mwanga ule unaorudishwa nje ni mwanga ambao ungetengeneza chakula zaidi. Ndiyo maana mimea mingi ya namna hii hukua polepole na kubaki mifupi. Mwenye kuchagua upole atapitwa na wengine katika mambo fulani. Atapitwa kwenye foleni. Pengine atapitwa hata kazini. Tusiwahubirie watu upole kana kwamba ni njia ya mkato ya mafanikio.

Lakini lisikike na hili, hasa na akina mama na mabinti. Sufu ya jani ipo ili jani lisiliwe. Nimekwisha kusema kwamba mdudu anayekuja kunyonya anazuiwa na nywele hizohizo laini. Upole ambao Mungu anauvika haumwamuru mtu yeyote akae kimya akipigwa. Kama yuko mwanamke katika usharika huu ambaye ameambiwa na mume, na mashemeji, au na mtu mwenye cheo kanisani, kwamba kuvumilia kipigo ndio upole wa Kikristo, ameambiwa uongo, naye ajue mchungaji wake ameuita uongo kwa maandishi. Njoo ofisini, au umwendee mama mchungaji. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na tutakusindikiza. Waweza kulifanya hilo bila kumtukana mtu, bila kumlipiza kisasi mtu, na utakuwa umebaki mpole kabisa.

Washarika wetu wa kutoka Moshi, Machame na Marangu watanielewa nikiwapeleka mlimani kidogo. Huko sufu hufanya kazi nyingine. Ukitoka msituni ukapanda hadi kule ambako kila usiku kuna barafu na kila mchana jua linachoma, unakutana na jamii nzima ya mimea iliyojifunika. Kuna miti mikubwa ya senesio ambayo haiangushi majani yake makavu, huyaacha yaning'inie yakilizunguka shina ili maji ya ndani yasigande. Kuna maua ya helikrisamu, meupe na makavu kama karatasi, yenye majani ya kijivu yaliyojaa nywele. Mwaka 1871 mmisionari wa Kimethodisti, Charles New, aliyefanya kazi Ribe karibu na Mombasa, alipanda Kilimanjaro akiwa na wenyeji waliomwongoza, akafika penye theluji, na akateremka na mimea aliyoikusanya. Mimea hiyo ilipelekwa Kew, Uingereza, na mmoja ukapewa jina lake, Helichrysum newii. New alifariki mwaka 1875, hakuishi kuona makanisa yaliyojaa mlimani leo. Mmea huo umewahi kukutwa ndani ya kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,600 kutoka usawa wa bahari, karibu na matundu yanayotoa mvuke wa joto. Hakuna ua lingine linalojulikana kupanda juu zaidi katika mlima ule. Fikirini hilo mkienda nyumbani Krismasi. Vazi linalomkinga kinongo na joto la Mabibo ni la aina moja na lile linalomkinga ndugu yule wa Kibo na baridi inayoua.

Wengi wetu tuna binti au dada aliyekwenda Oman kutafuta maisha. Huko nako, kwenye mabonde makavu, yupo ndugu halisi wa kinongo, Aerva javanica, mrefu zaidi na mwenye masuke yaliyojaa sufu nyingi mno. Wenyeji wa Arabuni walikuwa wakiyakusanya masuke hayo na kujazia mito na matandiko ya ngamia. Hata jina hilo la kitaalamu, Aerva, lilitoka midomoni mwa Waarabu. Alilisikia kwao kijana Msweden, Peter Forsskål, mwanafunzi wa Carl Linnaeus, aliyesafiri na msafara wa mfalme wa Denmark na kufa kwa malaria Yemen mwaka 1763. Rafiki yake Carsten Niebuhr, peke yake katika msafara ule kurudi hai, ndiye aliyezichapisha karatasi zake mwaka 1775. Kazi ya kuyaandika majani haya imegharimu maisha ya watu. Na hapa jirani, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatunza mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na mahali ulipochumwa. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, miaka 60, aina zaidi ya 12,000. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ya heshima mbele za Mungu. Ni kazi ya Sulemani ikiendelezwa.

Nimechelewa kufika kwenye hisopo, lakini sasa tumefika.

Kutoka 12 inasimulia usiku ule wa Misri. Mwanakondoo amechinjwa, damu imo bakulini, na Musa anawaagiza wazee wachukue fungu la hisopo, walichovye katika damu, wapake kizingiti cha juu na miimo miwili ya mlango. Kwa nini hisopo? Misri ilikuwa na matete, mitende na majani ya kila namna. Wachunguzi wengi wa mimea ya Biblia wanaona kwamba hisopo ya Torati ni mmea wa jamaa ya mnanaa na mrehani, Origanum syriacum, ambao Waarabu huuita zaatari na kuula pamoja na mkate. Ni kichaka cha mawe na kuta. Shina lake na majani yake yamefunikwa nywele laini.

Na hapo ndipo jibu lilipo. Chukua jani la mgomba, ulichovye kwenye maji na ulinyanyue: maji yote yamerudi bakulini. Fungu la majani yenye sufu hunyanyuka likiwa limebeba. Hadi leo jamii ndogo ya Wasamaria wanaochinja Pasaka kila mwaka juu ya mlima Gerizimu, karibu na Nablus, hutumia mmea huu kwa ajili ya damu. Mungu alihitaji kitu kitakachoitoa damu ya mwanakondoo bakulini na kuifikisha mlangoni bila kuimwaga njiani, na akachagua jani kwa sababu ya ulaini wake. Mwiba usingeweza. Jani gumu linalong'aa lisingeweza.

Tangu usiku ule hisopo inaonekana tena na tena pale ambapo mtu aliyechafuka anarudishwa. Katika Hesabu 19 inanyunyiza maji ya utakaso kwa aliyegusa maiti. Katika Zaburi ya 51, tuliyoisoma Jumatano ya Majivu, Daudi mwenye damu ya Uria mikononi anaomba asafishwe nayo. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unaitaja pamoja na sufu nyekundu katika kulifanya agano.

Kisha Yohana 19. Yesu yuko msalabani, anasema ana kiu. Wanachovya sifongo katika siki na kuiweka juu ya hisopo, wanaifikisha kinywani mwake. Wasomaji wengi wamelishangaa jambo hili kwa sababu shina la hisopo ni fupi na jembamba, na wengine wamedhani mwandishi alikosea neno. Mimi sidhani. Msalaba haukulazimika kuwa mrefu kama tunavyouona kwenye picha, na Yohana ndiye yule aliyetuonyesha Mwanakondoo wa Mungu tangu sura yake ya kwanza. Anajua anachokitaja. Kichaka kilichopeleka damu ya mwanakondoo kwenye milango ya Misri sasa kinapelekwa kwenye midomo ya Mwanakondoo mwenyewe. Wengine walikuja Golgotha na mikuki na misumari. Hisopo ilikuja na kitu cha kunywa, kichungu, ndicho kilichokuwapo.

Mambo ya Walawi 14 ndilo somo nililotaka tubaki nalo juma hili, na lina jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Mwenye ukoma anapotakaswa, kuhani anatumia ndege wawili, mti wa mwerezi, uzi mwekundu na hisopo. Mwerezi na hisopo, ile mimea miwili ya Sulemani, mkubwa na mdogo, katika mkono mmoja. Lakini kabla ya hayo yote, katika aya ya 3, imeandikwa kwamba kuhani ndiye atakayetoka kwenda nje ya kambi. Mgonjwa hakuruhusiwa kuingia, basi aliyeko ndani anamfuata aliko.

Katika usharika wetu kuna watu wameacha kuja ibadani, na wengi wetu tunajua kwa nini. Si kwamba wamemkana Bwana. Wamechukua mikopo ya kausha damu, riba imewazidi, wamenyang'anywa televisheni na majiko, na sasa wanaona aibu kukaa benchi moja na mdhamini wao, au na mtu anayewadai. Wengine waliweka ahadi ya jengo na hawakuweza kuitimiza. Mama mmoja alisema angerudi kanisani siku atakayokuwa na bahasha ya kuweka kwenye kikapu. Hilo limenichoma kuliko jambo lolote lililosemwa mwaka huu.

Kwa hiyo jumuiya zote, Jumamosi hii asubuhi, hazitakutana kwa ratiba ya kawaida. Mtagawanyika wawili wawili na kwenda kwa wale waliopotea machoni petu, Luhanga, Kigogo, Makuburi, na kule relini. Wazee wa kanisa watawapa majina, na majina hayo yabaki kwenu. Msichukue kitabu cha ahadi. Msiulize habari za sadaka wala za deni, mpaka mwenyeji mwenyewe ataje. Mkikuta anafua, saidieni kusuuza. Mkikuta hana sukari, chai ya chumvi si dhambi. Msome naye Zaburi ya 51 akipenda, na asipopenda msimlazimishe. Anayejijua kuwa ulimi wake ni mkali aende na mwenzake mwenye maneno machache, na amwachie huyo aseme.

Jumapili nitauliza mlikofika.